Naomba ushauri: mwanafunzi ninayemlea anataka kuondoka chuo kimyakimya

Mleta uzi: Habari zenu wakuu. Nipo mwaka wa pili, chuo kimoja hapa Dar. Nimepewa kundi la mwaka wa kwanza niwe mlezi rika wao. Binti mmoja kutoka mkoani hakupata mkopo, lakini nyumbani amewaambia bumu (hela ya kujikimu ya mkopo) limeingia. Anakula mara moja kwa siku, testi ya kwanza hakufanya, na sasa anataka kufungasha arudi kwao bila kuaga mtu. Ameniapisha nisiseme. Namgawia bumu langu lakini linakata. Nikiitoa siri, hataniamini tena. Nifanyeje?

Dada Mkubwa: Pole mdogo wangu. Muulize waziwazi kama ana mawazo ya kujidhuru. Akisema ndiyo, hakuna siri tena: usimwache peke yake, mfikishe kwa mshauri wa wanafunzi leo leo. Akisema hapana, mbembeleze muende wote. Usimsemee nyuma ya mgongo wake.

Mzee wa UE: Asiondoke bila barua! Anayetoweka anahesabiwa mtoro na anaweza kudisko, yaani kuondolewa chuo. Anayeomba rasmi kuahirisha masomo, akikubaliwa, nafasi yake inabaki. Na testi asiipuuze. Kwetu UDSM (Chuo Kikuu cha Dar) kozi wek, yaani testi na kazi za muhula, ni alama 40, UE, mtihani wa mwisho wa muhula, ni 60. Ukiingia UE na kozi wek mbovu unatafuta sapu (mtihani wa marudio). Amwone mwalimu wa somo wiki hii.

Mkweli: Acha kumpa hela, wewe si mzazi wake.

Mnufaika: @Mkweli, njaa haingoji rufaa ya mkopo. Wapike kwa kuchanga kundi zima, mzigo usimwelemee mmoja. Mleta uzi, muulize kuhusu nyaraka. HESLB, bodi ya mikopo, wanataka cheti cha kuzaliwa, na cha kifo kwa aliyefiwa na mzazi, viwe vimehakikiwa RITA, wakala wa serikali wa vizazi na vifo. Aende dawati la mikopo la chuo aulize kama dirisha la rufaa bado lipo wazi.

Mleta uzi: Asanteni sana, nimeongea naye jioni hii. Hana mawazo ya kujidhuru, amelia tu muda mrefu. Kesho asubuhi tunaenda wote kwa mshauri, kisha dawati la mikopo. Cheti cha kifo cha baba yake kweli hakikuhakikiwa. Lazima arudi wilayani kwao?

Mnufaika: Hapana, ni mtandaoni. Akiskani vizuri muhuri usomeke, akipandishe kwenye mfumo wa RITA, apate namba ya malipo, alipie kwa simu. Afanye usiku huu huu.