Swali: jeni za strobilurini zilitambuliwaje kwa kuhamishiwa kwenye kuvu nyingine?

Mdau wa Kahawa
Wakuu, heshima yenu. Strobilurini, kemikali iliyozaa viuakuvu kama azoksistrobini, ilielezwa mwaka 1977 na Timm Anke, Wolfgang Steglich na wenzao, kutoka Strobilurus tenacellus, uyoga mdogo unaoota kwenye koni za msonobari zilizoanguka. Kwa nini jeni zake zilihamishiwa kwenye kuvu nyingine, badala ya kuchunguzwa kwenye uyoga wenyewe?

Mwanamaabara
Ndugu, kubadili jeni ndani ya uyoga wa namna hiyo ni kazi ngumu mno. Ndiyo maana utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulitumia Aspergillus oryzae, ukungu ambao Wajapani huchachushia soya na mchele. Ukungu huu hautoi kemikali nyingi zake za kumchanganya mtafiti, na jeni iliyowekwa nyuma ya promota (kipande cha DNA kinachowasha jeni) ya amilesi, kimeng'enya cha kuvunja wanga, huanza kazi pindi ukilishwa wanga au maltosi. Zaidi ya hayo, aina inayotumika maabara haiwezi kujitengenezea arginini wala adenini, ambazo inazihitaji ili ikue, hivyo plasimidi (duara dogo la DNA linalopeleka jeni ndani ya seli) hubeba jeni ya kuziba pengo hilo, na ukungu ambao haukuipokea hauoti kwenye sahani.

Uhondo uko kwenye kuongeza jeni hatua kwa hatua na kupima kinachotoka. Kimeng'enya kikubwa cha kuunda poliketidi (minyororo ya kaboni inayojengwa kipande kwa kipande) huanzia kwenye asidi ya benzoiki, inayotokana na fenilalanini, kikaunda prestrobilurini A. Kisha kimeng'enya cha kuongeza oksijeni huupanga upya mnyororo wa kaboni, na vingine viwili hupachika methili, ndipo sehemu inayoua inapokamilika.

Bi Hamira
Naongeza jambo ambalo wengi hulidharau. Uyoga huu na Aspergillus ni wa makundi mawili ya mbali, na introni (vipande vya jeni vinavyopaswa kuondolewa kabla protini haijaundwa) za mmoja mara nyingi hukatwa vibaya ndani ya mwingine, protini ikatoka mbovu. Ukiona hupati chochote, anzia hapo: tumia DNA iliyonakiliwa kutoka RNA ambayo introni zake zimekwisha kuondolewa.

Mdau wa Kahawa
Ahsanteni sana. Mbona uyoga wenyewe haujidhuru?

Mwanamaabara
Strobilurini hujibana kwenye saitokromu b, protini ya mitokondria inayosaidia kuzalisha nishati, seli ikakosa nishati. Saitokromu b ya uyoga huo ina amino asidi tofauti pale sumu inapokaa. Kuvu kadhaa za magonjwa ya mimea nazo zimepata kinga karibu na hapo: glisini ya nafasi ya 143 ikigeuka alanini, dawa ya dukani haizishiki tena.