Buli dogo jekundu lenye muhuri wa Hui Mengchen: ni la Yixing kweli?

Mpenda_Buli ameuliza:

Habarini wakuu. Naomba msaada juu ya buli hili kabla sijalilipia. Muuzaji anasema ni zhuni (udongo mwekundu) ya Yixing, mji wa mabuli nchini China, enzi ya Qing (1644 hadi 1912), limefinyangwa kwa mkono mtupu. Likijazwa hadi ukingoni linachukua mililita 120, kipenyo cha tumbo ni milimita 72, na ukuta wake ni mwembamba, kama milimita 2 hivi. Rangi ni nyekundu iliyokolea, uso laini sana. Ndani, chai inaingia kwenye mdomo wa buli kwa tundu moja tu, hakuna chujio. Kitakoni kuna muhuri unaosomeka "Jingxi Hui Mengchen zhi". Ukigusisha kifuniko kwenye mwili linalia kama kengele.

Je, muhuri unathibitisha umri? Mlio nao una maana gani? Na nikipewa nusu saa nalo mkononi, nianze kukagua wapi?

FundiUdongo amejibu:

Muhuri uache mwisho kabisa. Hui Mengchen alikuwa mfinyanzi wa Yixing katika karne ya 17, mwisho wa Ming na mwanzo wa Qing, lakini jina lake liligeuka zamani kuwa jina la aina: buli dogo la kunywea chai ya gongfu, yaani majani mengi kwa maji machache, mara nyingi mfululizo. "Jingxi" ni jina la kale la eneo lilelile la Yixing, na "zhi" maana yake "ametengeneza". Vizazi kwa vizazi wameupiga muhuri huo kwenye kazi zao, wala wengi hawakukusudia kumdanganya mtu. Hata Kiwanda cha Kwanza cha zisha (udongo wa mabuli ya Yixing) kilipiga jina la Mengchen kwenye mabuli madogo ya umbo la shuiping katika karne ya 20. Kwa hiyo ukiona Mengchen, umeona aina ya buli. Mfinyanzi wake bado hujamjua.

Mlio unakwambia mambo mawili tu: udongo umeiva vizuri tanurini na ukuta ni mwembamba. Buli la kiwandani la juzi nalo hulia. Tena acha kugonga, ukingo wa kifuniko humeguka kwa mchezo huo.

Anza ndani. Chukua tochi ndogo na lenzi ya kukuza mara 10. Utaelewa unachokiona ukijua buli la Yixing linavyojengwa. Mfinyanzi wa kule, kwa umbo la duara, hatumii gurudumu. Anaponda udongo kwa nyundo ya mbao hadi uwe bamba la unene sawa, anakata ukanda, anauzungusha kuwa silinda na kuunganisha ncha zake. Kisha anaizungusha silinda juu ya kisahani huku akiipiga kwa kibao nje, vidole vikiwa ndani, mpaka sehemu ya juu inajikunja na kufungwa kwa kipande cha udongo. Anaigeuza na kuufunga upande wa pili vivyo hivyo. Mdomo na mkono wa kushikia hutengenezwa pembeni na kubandikwa baadaye.

Ndiyo maana ndani ya buli la namna hiyo unatafuta mshono wa wima, mara nyingi nyuma ya mahali mkono ulipobandikwa, na alama ya pale kitako kilipokutana na ukuta. Ukuta wa ndani huwa na mawimbi madogo ya vidole, haujanyooka kama glasi.

Njia nyingine zina alama zake. Buli la nusu mkono huanza kama silinda ileile, halafu hukandamizwa ndani ya kalibu ya jasi ili lipate umbo. Hilo si udanganyifu, mradi lisiuzwe kwa bei ya kazi ya mkono mtupu. Buli la kumiminwa hutokana na uji wa udongo uliotiwa sodiamu silikati ili utiririke: ukuta unene mmoja kila mahali, uso wa kung'aa kama uliopakwa mafuta, na mstari mwembamba unaopita katikati ya mdomo na katikati ya mkono pale vipande vya kalibu vilipokutana. Buli la gurudumu huacha mistari ya mzunguko ndani. Angalia hivyo, kisha utuambie.

Zini_na_Duanni amejibu:

Nakubaliana na FundiUdongo, isipokuwa mshono usiutegemee peke yake. Mfinyanzi hodari huusawazisha mpaka usiuone, na buli la nusu mkono nalo huwa nao kwa sababu linaanzia kwenye silinda ileile. Siku hizi wapo wanaochora mstari wa uongo kwa kisu ndani ya buli la kalibu. Mshono wa kweli unaonekana kama udongo uliokutana na udongo: upande mmoja umeinuka kidogo, chembe zimesukumwa. Mstari wa kisu una kingo mbili zilizonyooka.

Sasa udongo wenyewe. Zisha ni mwamba unaochimbwa, huachwa miezi au miaka nje uvunjwevunjwe na jua na mvua, kisha husagwa na kuchekechwa. Mlima unaosifika zaidi ni Huanglongshan, karibu na mji wa Dingshu huko Yixing, na uchimbaji wake ulisimamishwa mwaka 2005. Zini ni ya zambarau hadi kahawia, duanni ni ya manjano, hongni na zhuni ni nyekundu. Joto la tanuri kwa jumla ni nyuzi 1100 hadi 1200 za Selsiasi. Duanni ikichomwa kidogo mno, baada ya muda wa matumizi hutoa madoa meusi yasiyotoka.

Zhuni ndiyo tunayoitafuta hapa, na ina tabia moja isiyofichika: hunywea sana. Zini hupungua karibu asilimia 10 tangu kukauka hadi kuiva, lakini zhuni hufika 20 na kuzidi. Kwa sababu hiyo hupinda, hupasuka, na karibu kila mara huacha mikunjo midogo kama ngozi ya kidole kilicholowa, hasa shingoni mwa mdomo na pale mkono unapokutana na mwili. Zhuni halisi kwa kawaida huwa ndogo kwa sababu hiyohiyo. Buli kubwa la mililita 400 lenye wekundu wa kuwaka na uso usio na mkunjo hata mmoja, kwa bei rahisi, ni udongo mwingine uliotiwa oksidi ya chuma. Mwaka 2010 televisheni ya taifa ya China ilionyesha namna udongo wa kawaida unavyopakwa rangi kwa oksidi za chuma, manganisi na kobalti ili uuzwe kama zisha. Kijani na buluu kali zitilie shaka zaidi kuliko nyekundu.

Kwa lenzi, zisha ya kweli ina chembe za ukubwa tofauti zilizolala chini ya ngozi laini, vimulimuli vya ulanga hapa na pale, na vidoti vyeusi vya chuma kilichoyeyuka. Ngozi hiyo hutokana na kusuguliwa kwa kipande cha pembe ya ng'ombe wakati udongo ungali mbichi. Rangi ikiwa moja tupu, bila chembe wala kivuli, ujue kuna kilichochanganywa au kilichopakwa juu.

Mpenda_Buli:

Asanteni sana. Nimelikagua kwa lenzi. Mshono wa wima hakuna popote. Ndani kuna mistari myembamba inayopanda kwa kuzunguka kutoka katikati ya kitako hadi shingoni. Mikunjo hakuna. Kwenye ukingo wa kifuniko pamemeguka kidogo, na hapo udongo wa ndani ni wa rangi ya chungwa, umepauka kuliko uso. Ndani ya buli pia pamepauka. Kitako nje kina duara nyembamba za kukwangua kuzunguka muhuri. Muhuri una urefu wa milimita 14.

FundiUdongo:

Hapo umepata jibu, na si baya hata kidogo. Mistari inayopanda kwa mzunguko, ukuta mwembamba, udongo uliopauka ndani na tabaka jekundu nje: hilo ni buli la Chaozhou, mkoani Guangdong. Wafinyanzi wa huko hutumia gurudumu, kisha hukwangua nje udongo ukikauka nusu, halafu hupaka uji laini wa udongo mwekundu juu ya mwili. Nao kwa muda mrefu wamepiga muhuri wa Mengchen, maana Chaozhou ndiko chai ya gongfu ilikoota mizizi na Mengchen ndilo jina wanywaji walilolitaka. Si Yixing, na si zhuni ya kule. Lakini ni kazi yenye heshima yake, na watu hukusanya Chaozhou kwa makusudi.

Hakikisha jambo moja tu. Kuna mashine inayozungusha kalibu ya jasi huku kisu kikikwangua ndani. Nayo huacha mistari. Ila ile ya mashine ni sambamba, imepangwa kwa nafasi sawa, na uso wa nje hauna alama yoyote ya kukwangua kwa sababu uligusa kalibu. Ya mkono hupanda, na nafasi zake hubadilika kadiri vidole vilivyovuta. Duara ulizoziona kitakoni zinaelekeza kwenye mkono.

MuhuriNaUmri amejibu:

Niongeze upande wa umri, kwa kuwa "enzi ya Qing" bado imening'inia.

Muhuri hupigwa udongo ukiwa mbichi, kwa hiyo hunywea pamoja na buli. Anayenakili muhuri kutoka kwenye buli lililokwisha kuiva, asipoukuza kwanza, hupata nakala ndogo: milimita 20 huwa 18, na nakala ya nakala huwa kama 16. Ndiyo sababu wakusanyaji wa kazi za Gu Jingzhou, mfinyanzi mashuhuri wa Yixing wa karne ya 20, na wenzake hupima muhuri kwa kaliba (kifaa cha kupimia milimita) na kulinganisha na buli lenye historia isiyo na shaka. Kwa Mengchen kipimo hicho hakikusaidii, mihuri ni mingi mno na hakuna wa kulinganisha nao. Kinyume chake, muhuri wenye jina la nchi, kama "Zhongguo Yixing", huwezi kuuweka Qing. Huo ni wa karne ya 20.

Tundu moja nalo halithibitishi ukale. Ni kweli vichujio vya umbo la mpira vilienea kuanzia miaka ya 1970, lakini tundu moja linatobolewa hadi leo. Kifuniko kinachobana sana ni dalili ya upya kuliko ukale: mabuli mengi ya zamani hucheza kidogo.

Uchakavu usome kwa mantiki. Mahali panapoguswa ndipo panapong'aa: kishikio cha kifuniko, ndani ya pete ya mkono, ukingo wa kitako. Ikiwa weusi umejazana kwenye pembe za mdomo na ndani ya herufi za muhuri, na kitako hakijachubuka, mtu amepaka nta au rangi ya viatu. Mwanga wa urujuanimno gizani huonyesha gundi na rangi ya ukarabati, mara nyingi kwa mng'ao mweupe au wa buluu. Kagua ncha ya mdomo na maungio ya mkono kwanza. Kisha weka kifuniko na mwili pamoja kwenye mwanga wa dirisha. Vilichomwa pamoja, kwa hiyo vikitofautiana chembe, kifuniko kimetoka kwenye buli jingine na thamani imeshuka sana.

Cheti usikilipie. Huchapishwa kwa urahisi, na hata kikiwa halali hakikuambii kama buli lilifinyangwa na mwenye muhuri au na fundi mwingine aliyefanya kazi kwa jina lake.

Kwa maelezo yako ningelipa bei ya Chaozhou la karne ya 20, na bei ya Qing ningeikataa mpaka muuzaji alete ushahidi wa lilikotoka. Akiruhusu kipimo kimoja cha mwisho, liweke kwenye sufuria ya maji vuguvugu, moto mdogo, lipate joto polepole kwa dakika 10, kisha lifute kwa pamba nyeupe likiwa bado moto. Nta na rangi vitatoka kwenye pamba na harufu utaisikia. Kifuniko kifungwe kitambaa chake peke yake, kisikutane na mwili ndani ya maji. Ukingo wako tayari una jeraha.