Je, halmashauri za Kigoma zipewe sauti katika makambi ya wakimbizi?

Mkazi wa Sakina: Kambi ya Nyarugusu ipo wilayani Kasulu tangu mwaka 1996, na ya Nduta ipo Kibondo. Makambi hayo yako chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, ilhali halmashauri ziko chini ya TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Kwa hiyo barabara inayochimbika kwa malori ya chakula, msitu unaokatwa kuni na shule ya kijiji jirani vinabaki kuwa mzigo wa halmashauri, lakini fedha za misaada hupangwa kwenye vikao ambavyo diwani wa kata hiyo hana kura. Naona halmashauri zishirikishwe kwa mujibu wa sheria, ili kisima au zahanati inayojengwa imhudumie mkimbizi pamoja na mwanakijiji, na ibaki hata kambi ikifungwa, kama ilivyofungwa Mtendeli mwaka 2021.

Mstaafu wa Kiboriloni: Halmashauri zinazoshindwa kuzoa taka sokoni ndizo unazotaka zikabidhiwe wakimbizi? Sisi huku Moshi hatukumngoja mfadhili. Ushirika wetu wa KNCU ulianza mwaka 1933, na wazee walikatwa fedha za kahawa ili watoto wasome. Kigoma wana mawese, dagaa na reli. Tena kule mpakani, nani anayeweza kumtofautisha mwenyeji na mkimbizi?

Muha wa Njiro: Shikamoo Mzee. Habari ya kahawa nakuachia, ila sentensi yako ya mwisho siwezi kuipita. Nimezaliwa Kasulu, kama baba yangu na babu yangu, na bado kwenye vizuizi vya barabarani nimewahi kutakiwa nithibitishe kwamba mimi si Mrundi, wakati abiria wa kiti cha pili, mwenyeji wa Rombo, hakuulizwa chochote, ingawa naye kwao ni mpakani.

Mstaafu wa Kiboriloni: Marahaba, kijana. Sikukutaja wewe. Nilitaja hali ya mpaka, na ulinzi hauna aibu. Mwaka 1994 Wanyarwanda zaidi ya laki 2 walivuka daraja la Rusumo ndani ya siku moja. Halmashauri ya Ngara ingewapokea kwa fungu lipi?

Muha wa Njiro: Hukunitaja, ila ulinijumuisha, na hilo ndilo baya zaidi. Mwanakijiji wa Makere, jirani na Nyarugusu, amegawana kuni na maji na wageni kwa karibu miaka 30. Leo anaambiwa hajulikani ni nani.

Mhasibu wa Usa River: Kaka na Mzee, uraia una mjadala wake, nami naomba turudi kwenye mapato. Masoko ya pamoja, ambako wanavijiji waliuza mihogo na wakimbizi wakanunua, yalifungwa mwaka 2019, na kabla ya hapo, mwaka 2017, mpango wa kuwapa wakimbizi fedha taslimu badala ya chakula ulikuwa umesimamishwa. Halmashauri haikuwa mwamuzi wa mambo hayo, ila aliyepoteza mteja ni mkulima wake, na ushuru wa soko lililofungwa haukusanyiki. Mzee anawataka wajitegemee kwa mazao yao, nasi tumewafungia pa kuyauzia.

Mkazi wa Sakina: Hapo ndipo nilipokuwa nakwenda. Sheria ya wakimbizi, nadhani ya mwaka 1996, inamtaka mkimbizi akae katika eneo lililotengwa.

Mhasibu wa Usa River: Ni ya mwaka 1998. Wenzetu wa Kenya waliyapanga makazi ya wakimbizi ya Kalobeyei kwa kuishirikisha serikali ya kaunti ya Turkana, ili shule na zahanati zitumiwe na pande zote mbili. Sisi mwaka 2018 tulijitoa katika mpango wa Umoja wa Mataifa uliokuwa na mwelekeo huohuo.

Muha wa Njiro: Dada, uraia hauna mjadala wake. Warundi waliokimbilia nchini mwaka 1972, waliokuwa katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, wapatao 162,000, walipewa uraia, na hilo lilitangazwa mwaka 2014. Hao wanahudumiwa na halmashauri ipi, kama bado tunamtazama mtu usoni na kumwuliza katokea wapi? Mzee hajanijibu.

Mstaafu wa Kiboriloni: Waliopewa uraia ni wananchi, na sina ugomvi nao. Dada, hoja yako ya masoko ina uzito, ila Kenya usinipeleke. Gavana wao anapigiwa kura na ana bajeti yake kwa Katiba ya mwaka 2010. Kwetu mkuu wa wilaya huteuliwa na Rais, naye ndiye mwenyekiti wa kamati ya usalama. Soko likifunguliwa kwa azimio la madiwani, kisha kamati hiyo ikaagiza lifungwe, nionyesheni kifungu kitakachomlinda mwenyekiti wa halmashauri atakayekataa.