Darubini ya babu kutoka Burma: naomba msaada wa kuitambua

MjukuuWaKeya:
Ndugu wanajukwaa, salaam. Marehemu babu yangu alikuwa askari wa Keya (KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza huku Afrika Mashariki), akapelekwa Burma mwaka 1944 pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile iliyoteremka bonde la Kabaw wakati wa mvua kubwa hadi Kalewa, kando ya mto Chindwin. Alirudi na darubini ndogo ya macho mawili, ambayo sisi wajukuu tulikatazwa kuigusa, na sasa imenifikia mimi. Upande mmoja imechorwa 4×10°, upande wa pili ina herufi za Kijapani, na nikichungulia naona mistari midogo ya vipimo. Mwezi uliopita nilinunua nyingine sokoni, kubwa zaidi, ambayo muuzaji aliapa kuwa nayo ni ya jeshi la Japani. Hii imeandikwa 7×50 na "Made in Occupied Japan". Je, zote mbili ni za kijeshi? Na huo ukungu ulio ndani ya lenzi ya babu niuondoeje?

UzaMapema:
Iuze nje ya nchi, mkuu. Wazungu wanalipa vizuri.

Mpenda_Lenzi:
Ndugu yangu, usiuze kitu ambacho hujakijua. Hiyo 4×10° huwapotosha wengi, kwa kuwa sisi tumezoea namba ya pili kuwa upana wa lenzi kwa milimita, ilhali hapa ni nyuzi kumi za uwanja wa kuonea. Lenzi yenyewe ukiipima utakuta ni kama milimita 40. Alama hiyo ni ya darubini ya jeshi la nchi kavu la Japani iitwayo Aina ya 93. Namba 93 ni tarakimu mbili za mwisho za mwaka 2593 katika kalenda ya kifalme ya Kijapani, yaani mwaka 1933 kwa hesabu yetu. Kwa hiyo ni mwaka wa kupitishwa kwa muundo, si mwaka ambao darubini yako iliundwa. Mistari unayoiona ilimsaidia askari kukadiria umbali na kurekebisha shabaha ya mizinga.

Tazama pia mwelekeo wa maandishi. Kabla ya vita kwisha, Wajapani waliandika mstari wa kulala kutoka kulia kwenda kushoto, kama khati ya Kiarabu, na neno *kogaku*, yaani elimu ya mwanga, liliandikwa kwa herufi ya zamani 學, si 学 ya leo. Neno hilo liko katika majina ya viwanda viwili vikubwa: Nippon Kogaku ya mwaka 1917, ambayo ndiyo Nikon ya sasa, iliyohusishwa zaidi na jeshi la majini, na Tokyo Kogaku ya mwaka 1932, iliyohudumia zaidi nchi kavu. Ukikuta alama ya nanga, fikiria meli.

Ile ya sokoni, samahani, si ya vita. Maneno "Made in Occupied Japan", yaani imetengenezwa katika Japani inayokaliwa, yalichorwa kwenye bidhaa za kuuzwa nje wakati Japani ikiwa chini ya Wamarekani, kati ya mwaka 1947 na 1952, na jeshi la mfalme lilikuwa limekwisha kuvunjwa. Mnunuzi wake alikuwa raia.

FundiSaa:
Kuhusu ukungu, tafadhali usifungue skrubu hata moja. Ndani mna prizimu, yaani vipande vya kioo vinavyopindisha mwanga, zilizopangwa kwa usahihi mkubwa, na zikisogea kidogo tu utaona picha mbili, kisha kichwa kitauma. Usipake rangi wala kung'arisha shaba inayochungulia palipochubuka, kwani mkusanyaji huithamini rangi ya asili hata ikiwa imechakaa. Mkoba wa ngozi hunyonya unyevu, nao ukungu hula kioo chenyewe. Tenga darubini na mkoba wake, uiweke pakavu pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya makasha ya viatu.

MjukuuWaKeya:
Nawashukuru sana. Nimetazama kwa kioo cha kukuzia: herufi ni 學, na inasomeka kutoka kulia. Ya babu nimeitoa mkobani leo hii. Ya sokoni sitairudisha, maana inaonyesha vizuri kuliko ya babu, na watoto wameshaanza kuhesabu majahazi kwa kuitumia.