MREJESHO: Mama aliyeteleza akavunjika mkono, kipimo cha mifupa kimetoka

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kuhusu mama, miaka 67, aliyeteleza uani akavunjika kifundo cha mkono. Walimfunga plasta, wakampa vidonge vya kalsiamu, basi, nikataka kujua kama hiyo inatosha. Mliosisitiza DEXA (kipimo cha kuona mifupa imepungua kiasi gani), asanteni sana.

Tumekipata Dar. Hakiumi: analala chali, mkono wa mashine unapita juu ya kiuno na nyonga, dakika chache kwisha. T-score (alama inayolinganisha mfupa wake na wa kijana mwenye afya) ya nyonga ni -2.7, na kuanzia -2.5 kushuka ndiyo osteoporosisi yenyewe, yaani mifupa dhaifu inayovunjika kirahisi. Eksirei haikuonyesha hilo. Daktari anasema mfupa hupungua sana kabla picha ya kawaida haijaonyesha.

Nilichompendea, hakukimbilia dawa. Kwanza damu: kalsiamu, vitamini D, figo, tezi ya shingo. Halafu akataka kuona dawa zote anazotumia. Mama akafungua mkoba, ikatoka prednisolone (vidonge vya steroidi), anayojinunulia duka la dawa kila pumu ikimbana (mimi sikujua kabisa!). Hiyo ikitumika mara kwa mara inakula mifupa. Ameandikiwa ya kuvuta, na ameambiwa asiikatishe ghafla ile ya vidonge.

Vitamini D iko chini, inapandishwa kwanza ndipo aanze alendronate, dawa ya kuzuia mifupa isizidi kupungua. Bei ya kipimo tusiulizane, bima iligoma.