Mama bado ana akili zake, ila si kila saa. Tuandikishe nini mapema?

BintiMkomani
Assalamu alaykum ndugu zangu. Naomba ushauri, na mwenye kujua sheria asininyime.

Mama ana miaka 78. Tunakaa Mkomani, Lamu, katika nyumba aliyorithi kwa babake. Ni mwaka wa tatu tangu niache cherehani yangu ili nimtunze. Asubuhi yu mzima kabisa, huketi dakani, kibarazani pa mlangoni, na kuuliza samaki leo bei gani. Jua likitua huniita kwa jina la dadake aliyekwisha kufariki. Juzi usiku nilimkuta amefungua sanduku, karatasi za nyumba amezitandaza kitandani, anazikunja moja moja kama nguo za mtoto. Akaniuliza, "Hizi za nani?"

Kilichonitia hofu hasa ni dalali. Nilirudi sokoni nikamkuta ameketi na mama, ana karatasi na kidude cha wino wa dole gumba. Eti ni ruhusa ya kuonyesha nyumba kwa wageni tu. Nikamtoa. Jioni mama hakukumbuka kama kuna mtu aliyekuja.

Tumezaliwa wanne. Kaka mkubwa yuko Mombasa, mwingine Muscat, dada yuko Malindi. Kaka mkubwa ataka aandikiwe uwakilishi asimamie kila kitu. Mama naye husema nyumba aniachie mimi kwa kuwa ndimi nimwoshaye. Sitaki ugomvi na ndugu zangu. Tuanzie wapi?

MzeeWaLangoni
Waalaykum salaam, binti yangu. Mungu akulipe kwa mamako. Kabla ya wakili na kadhi, karatasi hizo zitoke sandukuni leo. Piga nakala, asili ikae mahali wote wanne mnapajua.

KaraniMstaafu
Dada, nimekaa kwenye korido za mahakama miaka mingi, na jambo hili huwapata watu kila siku. Karatasi ya uwakilishi hutolewa na mtu mwenye akili timamu, na akili yake ikiondoka, karatasi nayo imekufa. Sheria ya Kenya ndivyo ilivyo, na wakala katika fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, ni vivyo hivyo. Kakako akiipata leo, itamfaa kwa shughuli za sasa tu. Siku mama akiacha kuwatambua, hana ruhusa tena ya kuitumia, hata kama muhuri ungali unang'aa.

Hata hivyo iandikeni, ila iwe na mipaka: kushughulikia benki, kulipa bili, kufuatilia hati. Neno "kuuza" lisiwemo. Nendeni asubuhi. Wakili azungumze na mama peke yake, nyinyi mkae nje, na siku hiyo hiyo daktari aandike barua kwamba ameelewa anachosaini. Barua hiyo ndiyo itakayowaokoa mtu akija kusema mlimshika mkono.

MwanaMalindi
Sisi tulichelewa. Baba alipatwa na kiharusi kabla hatujaandika chochote, ikabidi twende Mahakama Kuu chini ya Sheria ya Afya ya Akili tuombe msimamizi wa mali yake. Ripoti ya daktari, hati za kiapo, ndugu wote watoe kauli zao. Mmoja wetu alikataa kusaini na kesi ikalala. Na ukishateuliwa huuzi nyumba bila ruhusa ya mahakama. Kwenu Lamu, maombi hayo ni safari ya Garsen. Msifike huko.

UmmuSwaleh
Mwenzangu, mimi nasemea hilo la kuachiwa nyumba. Wewe ni mrithi, na mrithi hausiwi ila warithi wenzake wakubali, na kukubali kwao huhesabiwa baada ya mama kufariki. Wakikubali leo kwa simu, kesho wanaweza kugeuka. Wasia wenyewe hauvuki thuluthi ya mali.

Njia nyingine ni hiba, yaani akupe zawadi akiwa hai, lakini lazima akukabidhi kweli, na isiwe katika maradhi ya mauti, maana hapo huhesabiwa kama wasia. Tena kumbuka Mtume (S.A.W.) alikataa kumshuhudia Bashir alipotaka kumpa zawadi mtoto mmoja na kuwaacha wengine. Mpelekeni mama kwa kadhi wote pamoja, muulize mbele yake.

Nawe una haki yako, usione haya kuisema. Umeacha cherehani. Ndugu zako watoe kiwango kila mwezi, kiandikwe, wasaini. Huko si kuuza utumishi wako kwa mama.

KaraniMstaafu
Naunga mkono. Kuhusu dalali: mama mwenyewe, akiwa katika saa zake nzuri, aombe ofisi ya ardhi iweke zuio kwenye hati. Na kama hapati zile shilingi 2,000 za kila mwezi za Inua Jamii, msaada wa serikali kwa wazee, mwandikishe, ameshapita miaka 70.

BintiMkomani
Nimerudi kuwaambia. Jana saa mbili asubuhi tulipiga simu sote wanne, mama akiwa kati. Nilidhani atasema habari ya nyumba. Akasema, "Msinivushe bahari hadi Mokowe, huko bara, nikafie hospitali za mbali nisikojua mtu. Nioshwe na binti zangu." Kaka mkubwa alinyamaza sana, kisha akasema uwakilishi uwe wa watu wawili, yeye na dada wa Malindi. Nyumba tumekubaliana tumpelekee kadhi Jumatatu. Na wa Muscat amekubali kutoa kila mwezi. Yeye atasaini vipi akiwa huko?

KaraniMstaafu
Aende ubalozi wa Kenya hapo Muscat, asaini mbele ya afisa wa ubalozi, akutumie karatasi yenyewe. Picha ya simu haitoshi. Na hayo maneno ya mama kuhusu Mokowe, yaandikeni pia, na tarehe.