Tupeane uzoefu: Ni andiko gani lilikubadilishia ulivyouelewa wokovu?

Mpangaji wa Nkuhungu:
Mbukwenyi wakuu. Niko Dodoma mjini. Nimeongozwa sala ya toba mara tano. Ya kwanza nikiwa kidato cha kwanza, ya tano nikiwa na mke na mtoto, kwenye mkutano wa injili, vumbi hadi kwenye meno. Kila mhubiri akiuliza "ukifa usiku huu utaamkia wapi?" miguu inanipeleka mbele yenyewe.

Juzijuzi jumuiya yetu tuliisoma Warumi yote, sura moja kila Jumatano, miezi minne. Hakuna mahubiri, kila mtu na Biblia yake. Sura ya 5 inasema "tutaokolewa". Ya 8 inasema "tuliokolewa kwa taraja". Ya 13 inasema wokovu u karibu nasi kuliko tulipoanza kuamini. Mmoja akafungua 1 Wakorintho 1:18, kule ni "sisi tunaookolewa". Nikamuuliza mzee wa kanisa, sasa mimi nimeokoka, naokolewa, au nitaokolewa? Akavua miwani, akaniambia nisome tena, taratibu.

Tangu hapo sijakimbilia madhabahu. Sijui kama nimepoa au nimepona. Nyie ilikuwaje? Matusi hapana.

Konda mstaafu:
Mimi ni ile sehemu ya sala ya toba, "ufute jina langu katika kitabu cha hukumu, uliandike katika kitabu cha uzima." Nimeisema miaka. Siku moja nikaitafuta. Ufunuo 20:12 ina vitabu vilivyofunguliwa, na kingine ambacho ni cha uzima. Hicho cha hukumu chenye jina langu tayari sikukikuta. Nilikaa nalo wiki nzima sijamwambia mtu.

Mwanakwaya, Kizota:
Bwana Yesu asifiwe. Dada yangu aliugua muda mrefu. Waliokuja kumwombea, alipokuwa haponi, walianza kunong'ona kwamba hajaokoka sawasawa. Mimi mwenyewe nilikuwa namfulia mashuka huku nimeamini hivyo hivyo. Hilo linaniuma mpaka leo.

Baadaye kijana mmoja anayesomea uchungaji alituonyesha kitu. Marko 5:34, mwanamke aliyetokwa na damu anaambiwa "imani yako imekuponya". Luka 7:50, yule aliyelia miguuni pa Yesu anaambiwa "imani yako imekuokoa". Akasema kwenye Kigiriki ni sentensi moja, neno kwa neno. Wafasiri wetu ndio waliochagua, huku kuponya, kule kuokoa. Na hawakukosea, maana mmoja alikuwa mgonjwa na mwingine alikuwa na dhambi. Ila mimi nilikuwa nimeyatenga kabisa: wokovu ni wa roho, wa siku ya kufa, mashuka ni kazi za nyumbani.

Dada alifariki. Sikuzipata siku za kumwambia.

Mpangaji wa Nkuhungu:
Pole sana dada.

Mtumishi, Ipagala:
Wakuu, poleni na kazi, lakini hapa mnacheza na moto. Warumi hiyo hiyo 10:9, ukimkiri kwa kinywa na kuamini moyoni, utaokoka. Mbona mmeiruka? Na Waebrania 9:27, kufa mara moja, na baada ya kufa hukumu. Nimezika vijana wengi wa bodaboda. Mhubiri anayeuliza "usiku huu" haulizi upuuzi.

Mpangaji wa Nkuhungu:
Hatukuiruka mtumishi, ilitumalizia Jumatano nzima. Ni kweli unachosema kuhusu vijana.

Mjukuu wa mwinjilisti:
Kwetu ni Mvumi. Babu alikuwa mtu wa Uamsho, ule uliotoka Rwanda miaka ya 1930 ukasambaa Afrika Mashariki. Ushuhuda wake ulikuwa na tarehe, ukimwamsha usiku anakutajia. Nilikuwa naona wivu, mimi sina tarehe. Ila alivyokuwa anasimulia, tarehe inachukua dakika moja, halafu nusu saa ni habari ya ndama. Aliwahi kumdhulumu jirani ndama. Alipookoka alimrudishia ng'ombe mzima, mbele ya wazee, akiwa anatetemeka. Nimekuja kusoma Luka 19 ukubwani nikaona ni hiyo hiyo: Zakayo, mtoza ushuru, anasema aliyemdhulumu atamrudishia mara nne, ndipo Yesu anasema leo wokovu umefika nyumbani humu.

Sasa kuna la bibi. Baba yake alikufa hajawahi kusikia injili. Wamisionari walikuwa Mpwapwa tangu miaka ya 1870, lakini kijijini kwao neno lilichelewa. Bibi alikuwa anapepeta uwele, akaniuliza bila kuniangalia, "Wewe uliyesoma, baba yangu yuko wapi?" Jibu la darasa la kipaimara nilikuwa nalo. Lilinikwama kooni. Nikamsomea Warumi 2:14 mpaka 16, watu wasio na torati ambao kazi ya torati imeandikwa mioyoni mwao. Akasema, "Basi soma tena." Haisemi yuko mbinguni, najua. Lakini jibu langu la kwanza nalo halikuwa limeandikwa popote.

Msabato, Chang'ombe:
Na tuangalie maneno. Kuzimu na jehanum watu wanayachanganya. Kuzimu ni mahali pa wafu, wema kwa wabaya. Matendo 2:27 inalitumia kwa habari ya Kristo mwenyewe. Jehanum inatokana na bonde la Hinomu, pale Yerusalemu. Mimi nilivyotenganisha hayo mawili, hofu yangu ilibadilika. Haikuisha.

Mkulima wa Hombolo:
Nalima zabibu, nitaongea ya shambani. Yohana 15:2, tawi lisilozaa "huliondoa". Nilisikia neno lile la Kigiriki lina maana ya kuinua pia. Nikacheka, maana ndilo tunalofanya: tawi likilala chini linapata ukungu, halizai, basi unalipangusa udongo unalifunga kwenye waya. Nilikuwa tawi la chini miaka sita, hakuna aliyeniinua, walikuwa wananisomea tu.

Mtumishi, Ipagala:
Mkulima, soma mstari wa 6. Linatupwa nje, linanyauka, linateketea. Huo nao uko shambani kwako.

Mkulima wa Hombolo:
Upo mtumishi, sikatai. Msimu uliopita niliinua matawi matatu kwenye mstari wa mwisho, karibu na mtaro. Mawili yamezaa. Hilo la tatu bado nimeliacha kwenye waya, mke wangu anasema ni kuni.